Nzi Laki Mbili wa Risper Ayuma

Risper Ayuma alirudi nyumbani Shinyalu Januari ya mwaka 1995, akiwa na sanduku moja la nguo na debe la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Nguo zilikuwa nguo tu. Debe ndilo lililotukusanya sisi majirani sebuleni kwa mama yake, Mama Awinja, maana lilikuwa zito na Risper hakutaka mtu mwingine alibebe.

Alipolifungua tuliona jiliwa ndogo ya chuma ya kubana kwenye ukingo wa meza, mkasi wenye ncha kama sindano, vibiringo vya uzi wa kila rangi, manyoya ya shingo ya jogoo yaliyopangwa kwa ukubwa, na ndoano ndogo kuliko zote nilizowahi kuona. Halafu akakunjua kitambaa kilichochomekwa vidudu, vya kijivu, vya manjano, vyekundu vyenye mikia. Mama Awinja aliruka nyuma akakanyaga kikombe.

"Usiogope, Mama. Ni nzi za kutengeneza," Risper akasema. "Hii ndiyo kazi nilikuwa nafanya Nairobi miaka yote hiyo."

Kwa miaka tisa alikaa kwenye karakana moja pamoja na wanawake wengine ishirini, wakifunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano ili zifanane na wadudu wa mtoni. Kwa siku alifunga nzi mia hivi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ua wetu ulipakana na wao, kwa hiyo nilichukua penseli nikapiga hesabu nyuma ya kalenda. Nikapata zaidi ya laki mbili. Wote walitiwa katika vijisanduku wakapelekwa ng'ambo, mpaka mwenye karakana alipozeeka akafunga mlango.

"Na huko ng'ambo zinafanyanga nini?" nikauliza.

"Zinadanganya samaki."

"Samaki wanadanganyika kweli?"

Risper aliangua kicheko. "Sijui, mwalimu. Hakuna samaki amewahi kuniandikia barua."

Ilikuwa kweli. Mwanamke huyu mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, mwenye vidole virefu vya haraka na kicheko kilichotangulia mzaha, hakuwahi hata siku moja kumwona samaki akimmeza nzi wake. Mto aliujua wa kuvuka tu. Samaki aliwajua wa kukaanga.

Akaendelea kufunga nzi hivyo hivyo, kwa mazoea. Asubuhi alichuma majani chai kwenye kishamba cha mama yake, mchana akabana jiliwa mezani. Manyoya yalipomwishia akaanza kuwaangalia jogoo wa pale nyumbani kwa jicho ambalo hawakulipenda. Mama Awinja alikuwa na jogoo mwekundu aliyemtunza kwa ajili ya wageni wa Pasaka. Siku moja alimkuta anatembea uani shingo tupu kama mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi.

"Risper! Ingokho yangu imefanywa nini?"

"Nimekopa kidogo, Mama. Yataota tena."

Mama Awinja alimfuata na mwiko mpaka kwenye ua wetu, lakini alikuwa anacheka pia, kwa hiyo hakumfikia.

Upande wa Isecheno, karibu na msitu, aliishi Erastus Andati. Alikuwa binamu ya Mama Awinja, na Risper alimwita khotsa, yaani mjomba. Mzee Erastus alifanya kazi miaka thelathini katika kituo cha samaki huko juu mlimani, kwenye mito ya maji baridi, akastaafu na kurudi na mke wake Jeruto, Mnandi mrefu asiyesema mengi. Alirudi pia na fimbo ya kuvulia samaki, nyembamba na ndefu kuliko mlango wa nyumba, yenye rili ya kukunjia mshipi. Kila Jumamosi alisimama kwenye nyasi mbele ya nyumba yake, mbali kabisa na mto, akarusha mshipi ule mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kuvua chochote. Watu walisema baridi ya mlima ilimwingia kichwani. Jeruto aliacha tu kuanika nguo siku za Jumamosi.

Risper alipita hapo mwezi wa Februari akipeleka ndizi. Alimkuta mjomba wake amempa kisogo. Mshipi wa manjano ulikuwa hewani. Ulipanda nyuma ukajinyoosha wote, ukasita kama unaofikiri, kisha ukarudi mbele ukijikunjua polepole, mpaka ncha yake ikagusa nyasi bila hata kutikisa jani.

Mkungu wa ndizi ulimteleza kichwani ukaanguka.

"Khotsa," akasema, "hiyo ni nini?"

"Ah, Risper! Ni mazoezi tu. Nisipofanya hivi, mkono utasahau."

"Na hapo mwisho umefunga nini?"

Mzee akaona haya. Mwishoni kulikuwa na kipande cha sufu nyekundu. "Nzi zangu ziliisha. Ya mwisho ilibaki juu ya mti mwaka tisini na mbili. Hapa Kakamega nitapata wapi nzi?"

Jeruto, aliyekuwa anaokota ndizi, alisimulia baadaye alichofanya Risper. Aligeuka akakimbia, mwanamke mzima, kilomita mbili za njia ya miguu mpaka kwao, na kilomita mbili kurudi, akiwa amelikumbatia debe la biskuti kifuani.

Walikaa chini kwenye nyasi wote watatu. Risper aliwajua nzi wake kwa namba tu, zile za orodha ya karakana. "Hii ni namba kumi na saba," akasema akimpa mmoja wa kijivu. "Nimefunga kama elfu ishirini."

Mzee Erastus alimpokea kwa ncha za vidole, akamwinua kwenye mwanga. "Mwanangu, unajua huyu anafanya nini? Huyu anaelea. Manyoya haya ya shingoni ndiyo miguu yake, yanasimama juu ya maji kama mtu amevaa viatu vya raba. Samaki anamwona kutoka chini anasema, huyu amechoka, nimle."

"Na thelathini na moja?"

"Huyu anazama. Unamwacha mto umviringishe chini chini karibu na mawe. Angalia kichwa chake, umeweka waya mwembamba ndani, si ndiyo?"

"Waliniambia niweke. Sikujua kwa nini!"

"Ndiyo uzito wake huo!"

Ikawa hivyo mpaka jua likainama. Risper alitoa namba, mzee akamwambia namba ile inaishi vipi. Kila alipoelezwa alipiga makofi. Mwanamke huyu alikuwa amefunga miguu ya nzi laki mbili bila kujua ni miguu. Mwisho alisimama, akafunga leso kiunoni, akanyoosha mkono.

"Khotsa, nipe hiyo fimbo."

Hakuna aliyezaliwa anajua kurusha mshipi. Mara ya kwanza ulimzunguka Risper shingoni. Mara ya pili ulinasa kilemba cha Jeruto ukakipeleka kwenye migomba. Mzee Erastus alimwambia asipige kana kwamba anachapa ng'ombe. Apandishe fimbo hadi karibu na sikio, asimame, asubiri mshipi ujinyooshe nyuma, ndipo aulete mbele. Lakini Risper hakuweza kusubiri. Furaha ilimsukuma mkono. Mshipi ukarudi mbele kabla haujamaliza kwenda nyuma, ukapasuka hewani kama mjeledi, na nzi akakatika akaruka kusikojulikana.

Jumamosi tatu zilipita hivyo. Ya nne, Jeruto aliweka chini ungo wake wa maharagwe.

"Risper, umewahi kukandika nyumba?"

"Mara nyingi, mama."

"Ukirusha udongo ukutani, mkono unafuata udongo?"

Risper alifikiri. "Hapana. Mkono unasimama, udongo unaenda peke yake."

"Basi." Jeruto akarudi kwenye maharagwe.

Risper alipandisha fimbo, akasimamisha mkono, akasubiri. Akaishusha mbele na kusimamisha tena, kama aliye na bonge la udongo mkononi. Mshipi ulitoka. Ulikwenda mrefu, mwepesi, ukalala kwenye nyasi umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kilichofuata nilikisikia mimi mwenyewe nikiwa barabarani na baiskeli: mlio wa mwanamke anayepiga vigelegele peke yake, halafu sauti ya mzee ikiitikia, halafu, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia, Jeruto akicheka kwa sauti.

Baada ya hapo Risper akawa kama mtu aliyelewa. Alikoroga obusuma, yaani ugali, huku akisimamisha mwiko karibu na sikio. Kwenye foleni ya kupima majani chai mkono wake ulipanda na kushuka wenyewe. Kanisani, wakati wa sifa, sote tulinyanyua mikono, ila wake ulisita nyuma, ukaja mbele, na nikajua yuko wapi.

Mwezi wa Machi mwishoni Risper na mjomba wake walishuka hadi Mto Yala, mahali maji yanapotoka kwenye mawe yakatulia chini ya mti mkubwa wa mukumu. Humo kuna samaki ambaye Wajaluo wa kule chini wanamwita fwani, na sisi tukamwita vivyo hivyo: mwenye magamba makubwa ya rangi ya dhahabu, ndevu nne fupi mdomoni, na nguvu za fahali. Mzee Erastus, ambaye hakuvunja sheria hata ya kuvuka barabara, alikuwa amempeleka Risper mjini Kakamega kuchukua leseni. Karani alimwuliza mara mbili kama ni ya mume wake.

Wakajaribu namba kumi na saba. Hakuna. Wakajaribu thelathini na moja, wakajaribu nyekundu yenye mkia. Fwani waliwaona. Walipanda, wakamtazama nzi, wakamsindikiza kidogo kwa adabu, wakageuka. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha kufua.

Kwenye jiwe la upande wa pili alikaa Makhanu, mvuvi wa pale, mwenye mshipi wa mkono, minyoo kwenye kopo na kikapu kiunoni. Yeye alivuta wawili wakati Risper hajapata hata mguso.

"Mama," Makhanu akaita, "hizi samaki zetu hazikulangi maua! Weka nyama!"

Watu walicheka, na Risper akacheka kuliko wote. Mzee Erastus ndiye aliyeumia. "Nzi hawa ni wa mito ya baridi," alinong'ona. "Samaki wa hapa hawawajui. Nimekupotezea wakati, mwanangu."

Risper hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia kikapu cha Makhanu. Alivuka mto juu ya mawe, akamwamkia vizuri, akamwomba jambo ambalo mvuvi huyo hajawahi kuombwa.

"Baba, unaweza kunipasulia mmoja tumbo? Samaki sitaki. Nataka kuona amekula nini."

Makhanu alimtazama kana kwamba ameomba meno yake. Lakini kisu alikuwa nacho, akapasua. Risper aliinama, akachambua kwa vidole vyake virefu. Mbegu za tini za mukumu. Sisimizi wawili. Na uchafu mwingi wa rangi ya chai ambao, alipousafisha kwa maji kiganjani, ulijitenga ukawa mabawa: marefu, membamba, manne manne.

"Tsiswa," Makhanu akasema. "Zilitoka juzi mvua ya kwanza iliponyesha. Zikianguka kwenye maji hizi samaki zinakuwa wazimu."

Tsiswa ni kumbikumbi, wale wanaotoka kwenye vichuguu baada ya mvua, na hakuna mtoto wa Shinyalu ambaye hajawatia mdomoni wakiwa bado wanapepea. Risper alirudi kwa mjomba wake amekunja ngumi juu ya bawa moja kana kwamba ameokota pete.

Wiki hiyo hakuchuma chai. Tumbo la nzi alilitengeneza kwa sufu ya kahawia aliyoifumua kwenye sweta kuukuu ya shule, nene nyuma, nyembamba mbele. Miguu ilitoka kwa jogoo yule yule wa Pasaka, ambaye sasa alikuwa akimwona Risper tu anapanda mtini. Mabawa yalimsumbua. Alijaribu manyoya ya bata yakazama, ya njiwa yakapinda. Siku ya nne alifunga manyoya mawili ya mgongoni mwa jogoo, laini, ya rangi ya chai ya maziwa, akayalaza juu ya mgongo wa ndoano. Akaja uani kwetu na karai la maji, akamwangusha humo. Nzi alielea ubavu, bawa moja juu na jingine limelowa, kama kumbikumbi aliyeishiwa na bahati.

"Mwalimu," aliniambia, na macho yake yalikuwa yanametameta, "miaka tisa nimefunga zenye watu wameagiza. Hii hakuna mtu ameagiza. Haina namba!"

Akaruka ruka hapo uani kama msichana anayeruka kamba. Karai likamwagika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Aprili. Mvua ilinyesha saa sita ikakatika ghafla, jua likatoka, na ardhi ikafuka mvuke. Ilipofika saa nane tsiswa walianza kupanda kutoka vichuguuni kama moshi. Shinyalu nzima ilitoka na mabeseni, masufuria, hata mwavuli uliogeuzwa. Watu walikimbilia vichuguuni. Mtu mmoja tu alikimbia kwa upande wa pili, kuelekea mtoni, leso kiunoni na fimbo begani. Nyuma yake alikimbia mzee wa miaka sitini na mitatu katika viatu vya mpira, na nyuma ya mzee Jeruto kwa hatua ndefu. Tulipoona hivyo, nasi tukawafuata na mabeseni yetu.

Chini ya mukumu maji yalikuwa yanachemka. Kila tsiswa aliyeanguka alipotea katika mdomo wa dhahabu. Risper alisimama kwenye jiwe, akarusha, akanasa tawi. Watu wakaguna. Akavuta, akarusha tena haraka mno, mshipi ukaanguka kwa rundo. Hapo Jeruto akasema neno moja tu kutoka nyuma.

"Udongo."

Risper akavuta pumzi. Fimbo ikapanda, ikasita. Mshipi ulijinyoosha juu ya vichwa vyetu na juu ya mabeseni, ukaenda mbele, na nzi asiye na namba akatua taratibu pembeni mwa mkondo, bawa moja juu. Akateremka na maji kiasi cha hatua tatu. Mdomo mpana ukatokea, bila haraka yoyote, ukamchukua.

"Amekula!" Mzee Erastus akapiga kelele. "Inua! Inua!"

Risper aliinua na fimbo ikapinda kama upinde. Rili ililia. Fwani alishuka mto na Risper akamfuata, kwanza juu ya mawe, halafu ndani ya maji, mpaka magotini, mpaka kiunoni, rinda limemvimbia kama puto, naye anapiga mayowe ambayo hayakuwa ya woga hata kidogo.

"Usivute! Mwache aende! Sasa kunja! Mwache!" Mzee alikuwa ukingoni anaruka kwa mguu mmoja, kiatu kingine kimebaki kwenye tope.

"Khotsa, ananipeleka Kisumu!"

"Nenda naye!"

Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Samaki alipochoka akageuka ubavu, aliyerukia majini na kikapu kumchota alikuwa Makhanu. Alimnyanyua juu, urefu wa mkono kutoka kiwikoni hata vidoleni na zaidi, magamba yote yanawaka jua, na kwenye pembe ya mdomo, kando ya ndevu, kuna kipande cha sufu ya kahawia ya sweta ya shule.

Risper alikigusa kwa kidole. Halafu alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini ndani ya mto, maji yakamfika shingoni, akalia kidogo, akaendelea kucheka. Wanawake waligeuza mabeseni wakayapiga kama ngoma za isukuti. Tsiswa wote tuliokuwa tumekusanya wakaruka zao, na hakuna aliyejali.

Fwani ana miiba midogo isiyo na idadi. Jioni hiyo tulimla kwa uangalifu kwa Mzee Erastus, watu kumi na wanane, kila mmoja kipande cha vidole viwili. Mama Awinja alipewa kichwa. Alikinyonya chote, akafuta mdomo, akamtangazia binti yake kwamba jogoo, ambaye shingo tupu ilimwokoa wakati wa Pasaka, sasa ni wake. Makhanu hakuondoka hadi amefundishwa kusimamisha mkono, na alikuwa na mkono mzuri kuliko sote.

Baadaye wageni waliokuja kutazama ndege msituni walianza kununua nzi wa Risper, na duka moja la Nairobi likamwandikia likitaka tsiswa wake kwa dazeni. Alikubali, ila kwa sharti kwamba hafungi siku za mvua. Kufikia mwaka wa 1998 walikuwa wanawake watano wanaorusha mishipi pale Yala kila Jumamosi, na Jeruto, ambaye alidai hataki, alikuwa wa kwanza kufika.

Mimi mwenyewe nilikutana na Risper Desemba ya mwaka huo karibu na daraja la Isiukhu, alikokwenda kujaribu mto mpya. Alikuwa amelowa hadi kifuani na hakuwa na samaki hata mmoja. Tulitembea pamoja hadi tulipoachana njia, na muda wote huo, akipunga mkono wake juu na kusita, alinieleza kuhusu panzi fulani wa kijani aliowaona kwenye matete, jinsi miguu yao ya nyuma inavyokunjika, na kwamba anafikiri, mwalimu, anafikiri kabisa, kwamba manyoya ya kanga yatafaa.